Nati Nne za Kiambere

Mmeniuliza sana, na kila nikianza kusimulia mtu ananikatiza na maswali ya matikiti, kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja. Ndiyo, nilitoka huku Timau hadi Kiambere, mwisho kabisa wa Mbeere, kwenda kufungua nati nne. Ndiyo, mafundi wako huko. Na hapana, sikuwa nimerukwa na akili, ingawa mke wangu, mama yake Mwenda, alisema hivyo mbele ya watoto.

Simu ya Gatwiri

Gatwiri ni dada yangu, kitinda mimba wa mama yetu. Aliolewa Kiambere na Ireri, Mmbeere mmoja mpole, mtu wa kusikiliza kuliko kusema, na mwaka jana Ireri akafa ghafla, mtu ambaye hata mafua hatukuwahi kumsikia nayo. Akamwachia Gatwiri shamba kando ya bwawa na pampu ya dizeli ya kuvutia maji. Ndugu za Ireri walishamwambia wazi kwamba shamba la kunyunyizia si kazi ya mwanamke aliye peke yake. Wakamwachia msimu mmoja ajaribu. Likikauka, wanalikodisha kwa mtu wa nje. Gatwiri akapanda matikiti, mistari ishirini.

Jumanne jioni akanipigia simu.

"Baba Mwenda, pampu inavuta hewa. Sili ya kuzuia hewa imekwisha."

"Si mfungue mbadilishe?"

"Iko ndani ya kizimba. Na nati za kizimba hazifunguki."

Kizimba hicho Ireri alikijenga mwenyewe kwa nondo, akaifunika nacho pampu yote, akakifunga kwenye sakafu ya simiti kwa bolti nne, moja kwa kila mguu. Kando ya bwawa lile wezi wa pampu hawana huruma, wanabeba hadi mpira wa maji. Unaweza kupitisha mkono kuwasha injini na kutia mafuta, lakini kufikia sili, hapana.

"Hakuna fundi huko?"

"Alikuja mmoja na grainda na jenereta, anataka kukata. Nimemfukuza."

"Umemfukuza fundi, Gatwiri?"

"Nimemfukuza. Matikiti yameshika, Baba Mwenda. Nabeba maji kwa mtungi, mistari miwili kwa siku, na iko ishirini. Wiki hii ikiisha bila pampu, nang'oa nalisha mbuzi."

Nikamwambia amwagie nati dizeli kila jioni, zilowe, na mimi nakuja. Mnajua nimefanya kazi ya trekta katika mashamba ya ngano miaka thelathini. Nati iliyokwama ndiyo kitu pekee duniani ambacho naweza kusema nakijua. Hivyo ndivyo nilivyodhani Jumanne.

Timau hadi Meru mjini

Nilipata lifti kwenye lori la viazi la Hassan, kijana wa Meru mjini ambaye baba yake na babu yake wote walikuwa wasafirishaji. Alikuwa anapeleka magunia Kanja, na yanayobaki sokoni Embu. Nikatupa gunia langu la vyombo juu ya viazi: spana kubwa, bomba la kurefushia mkono wa spana, nyundo mbili, mtaimbo, patasi, tupa, msumeno wa chuma. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile yetu ya kukata masikio, na Hassan alivaa makoti mawili akilalamika kwamba watu wa Timau wameumbwa na barafu.

Tulipofika mjini nikanunua sili mpya, halafu Hassan akanipeleka kwao kunywa chai. Kule ndiko nilikoaibika mara ya kwanza. Niliogopa kuacha vyombo vyangu barabarani, nikaingia nalo gunia sebuleni, na nilipoliweka chini likafunguka mdomo. Mama yake Hassan, bibi mmoja mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameshika birika. Akatazama mtaimbo. Akatazama msumeno. Akanitazama mimi na koti langu la kazini lenye mafuta.

"Hassan," akasema polepole, "huyu mgeni anakwenda kuvunja nyumba ya nani?"

Hassan alicheka hadi akapaliwa na mahamri. Mimi nilijieleza kama mtu aliye kituo cha polisi: dada yangu, pampu, kizimba, nati. Bibi akaketi, akataka kujua kila kitu. Nati ni za ukubwa gani? Ziko kwenye jua au kivulini? Maji ya bwawa ni ya chumvi? Nikashangaa, kwa maana nimefanya kazi na mainjinia ambao hawakuuliza nusu ya hayo.

"Marehemu mume wangu alikuwa na malori matatu," akasema. "Kutu ni ndimu na chumvi. Unapaka, unafunga kitambaa, unalala. Asubuhi inafunguka yenyewe."

Akanifungia ndimu sita kwenye gazeti. Nilizipokea kwa adabu, nikijiambia moyoni kwamba ndimu ni za samaki.

Kabla ya Chuka

Barabara ya kuteremka kutoka Meru ni ya kona na mito, unashuka mpaka chini unavuka daraja, unapanda tena, na lori lenye viazi halina haraka. Tulikuwa tumekaribia Chuka tairi la nyuma likapasuka. Mlio wake uliwatoa watu mashambani.

Hassan akaweka mawe, akapiga jeki. Nati saba zikatoka vizuri. Ya nane ikakataa. Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikamsogeza Hassan kando, nikachomeka bomba kwenye spana, nikapata mkono wa mita nzima.

"Mzee, kaza kwanza," akasema Hassan.

"Nini?"

"Kaza kidogo kwanza, ndiyo ufungue. Ukiivuta upande mmoja tu inashikilia."

"Kijana, mimi nimefungua nati kabla baba yako hajamwoa mama yako."

Nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote. Kukatokea mlio mdogo, *tak*, nami nikakaa barabarani kwa matako. Bolti ilikuwa imekatika. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu na viazi vitamu vya kuchemsha hapo kando, na naamini mpaka leo anacheka.

"Baba, umefungua kabisa!" akasema. "Hiyo hairudi tena!"

Hassan, Mungu ambariki, hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Na taabu haikuisha, kwa maana tairi la spea lenyewe lilikuwa limefungwa chini ya lori kwa nati kubwa iliyojaa matope na kutu ya miaka. Safari hii nilikaa kando nikala ndizi na kutazama. Hassan alilala chini, akasukuma spana kwa kukaza, kidogo tu, upana wa ukucha. Halafu akarudisha. Akakaza tena, akarudisha. Unga wa kutu ukaanza kumwagika usoni mwake. Baada ya dakika kumi nati ikazunguka kwa kidole.

Nikamwuliza nani alimfundisha. Akasema babu yake, ambaye alikuwa na kawaida ya kutia mkono mfukoni mara tatu kabla ya kugusa nati ngumu, ili hasira zishuke. Tuliondoka pale saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa nimehesabu kufika Kiambere jioni ile ile, na sasa hata Embu hatukuwa tumeiona. Nilimpigia Gatwiri. Akaniambia amenyunyizia mistari miwili na mgongo hausimami. Hakuniuliza nimekwama wapi, nami kwa aibu sikumwambia kwamba nimekata bolti.

Kanja

Viazi vya Kanja vilikuwa vya Mama Wanja, mjane mwenye duka na shamba la chai, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Tulifika jua linatua, naye akakataa kabisa tuendelee. Hassan alisema atalala kwenye lori na viazi vyake. Mimi nikapewa chumba cha mwanawe aliye kazini mbali.

Alitupikia mukimo, viazi vilivyopondwa na maharagwe ya njahi, na nduma, yale magimbi ya chai ya asubuhi, zilikuwa tayari zinachemka. Tukiwa mezani nikamweleza safari yangu, na hapo ikatokea kwamba Mama Wanja hufungua nati za toroli lake mwenyewe tangu mumewe alipofariki.

"Mshumaa," akasema.

"Mshumaa wa kufanya nini?"

Akachukua toroli nyuma ya nyumba, akaligeuza, akatoa kaa la moto jikoni kwa koleo, akalishikiza kwenye nati ya gurudumu mpaka ikawa ya moto kabisa. Kisha akagusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, na nawaambia ukweli, niliiona ikivutwa ndani kati ya nati na bolti, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anainyonya. Akachukua spana, akafungua, akafunga tena, akaenda kunawa mikono. Nilibaki nimechuchumaa pale nikitazama toroli. Miaka thelathini, jamani, na sikuwahi kuiona hiyo!

Akanipa mishumaa mitatu. Kabla ya kulala akaomba sala ndefu kwa Kiembu, na katikati nikasikia "Gatwiri", "matikiti", na kisha, kwa sauti ya juu, "nati". Hassan alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake. Tulipotoka akaninong'oneza kwamba hajawahi kusikia nati ikiombewa, lakini amesema amina.

Embu hadi Kiambere

Asubuhi Hassan alinishusha Embu. Alikataa nauli, akaniambia nikifika nimpigie, anataka kujua ni dawa gani itashinda: ndimu, kukaza kwanza, au mshumaa. Nami nilikuwa na hamu ile ile. Nitasema ukweli, nilikuwa karibu kuzitakia nati kutu zaidi ili nijaribu zote.

Pikapu za muguka, yale majani ya kutafuna, hutoka Mbeere alfajiri zikiwa zimejaa na hurudi tupu, kwa hivyo kupata lifti ya kuteremka si shida. Shida ni mwendo. Dereva niliyempata alikuwa bado na haraka ya asubuhi mwilini ingawa majani alishayauza. Tulipita Kiritiri nimeshika mlango kwa mikono miwili. Joto likaanza kupanda. Nikavua koti, nikavua sweta, nikafungua vifungo, na dereva akaniuliza kama nitafika nimevaa chochote.

Aliponiuliza naenda wapi nikamwambia kwa mjane wa Ireri, yule mwenye kizimba cha pampu. Akapunguza mwendo kwa mara ya kwanza.

"Yule mama mwenye matikiti? Watu wanasema amekataa msaada."

"Nani anasema?"

"Watu tu. Fundi alikuja na jenereta yake kutoka mbali, akafukuzwa kabla ya kuiwasha. Wanasema labda hataki hilo shamba."

Nikashika mlango tena mpaka tukafika. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua ni kwa dereva au kwa Gatwiri.

Kizimba

Gatwiri alikuwa shambani na mtungi mgongoni. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, akalia kidogo, akaniletea uji, halafu tukaenda kwenye maji. Matikiti ya mistari ya mbali majani yalikuwa yamejikunja, na matunda yake yalikuwa madogo, ya ukubwa wa chungwa. Nilijua hesabu yake ni sahihi. Siku mbili, tatu, basi.

Pampu ilikuwa chini ya turubai, ndani ya kizimba. Nikapanga vyombo vyangu chini. Nikatoa ndimu. Nikatoa mishumaa. Gatwiri alitazama vile vitu kimoja kimoja. Nikapiga magoti mbele ya nati ya kwanza na kitambaa mkononi, tayari kwa kutu.

Hapakuwa na kutu.

Nati ilikuwa safi. Zote nne zilikuwa safi, zinang'aa, zimepakwa grisi laini, na hazikuwa na hata harufu ya dizeli. Mtu alikuwa anazipangusa kila siku. Nikavaa miwani nikainama karibu, na hapo juu ya kila bolti, pale meno yanapotokeza nje ya nati, nikaona alama tatu za patasi, zimepangwa kama pembetatu, zimegongwa kwa nguvu mpaka chuma kimepanuka na kuifunika nati.

Alama hizo nilizijua. Ni zangu.

Mnakumbuka betri za trekta zilivyokuwa zikiibwa hapa? Tulianza kuua meno ya bolti: unakaza nati mpaka mwisho, kisha unagonga ncha ya bolti mara tatu kwa patasi, na hapo mwizi aje na spana ya aina yoyote, hafungui. Ireri alipokuja kunitembelea alikaa nami karakana siku nzima, amenishikia vyombo, haulizi chochote. Kumbe alikuwa anajifunza. Nimebeba dawa za kutu kutoka Meru mpaka Kiambere, na nati hazikuwa zimekwama hata kidogo. Zilikuwa zimefungwa na mtu aliyetaka zisifunguke, na mimi ndiye niliyemfundisha.

"Gatwiri," nikasema, "hii ni kazi ya tupa. Napunguza hapa juu, nati inatoka. Hata yule fundi wako angeiweza."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia. Alisema atasaga juu tu, dakika tano." Akakaa chini kwenye simiti. "Ireri alizigonga Jumamosi, Baba Mwenda. Mimi nilikuwa nimemshikia kizimba kisitikisike. Jumatatu akaanguka. Hakuna kitu kingine alichofanya kwa mikono yake baada ya hapo. Huyo fundi alikuwa anatafuna muguka, anaongea na simu, na grainda mkononi. Nikamwambia aende."

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari tangu Kiritiri: mistari ishirini, shemeji zako, mgongo wako. Nikatia mkono mfukoni. Nikautoa. Nikatia tena. Mara ya tatu maneno yalikuwa yameondoka, na kilichobaki ni machozi, na sioni haya kuyataja.

"Basi nifanye nini?" nikamwuliza. "Nimekuja. Sema wewe."

Akatazama shamba, akatazama pampu. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo tupa."

Nikamwonyesha jinsi ya kuisukuma, mbele tu, bila kuivuta. Alisaga bolti ya kwanza kwa muda mrefu, vumbi la chuma likimwangukia kwenye leso. Alipoichoka mimi nikafuata, kwa zamu. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilipotoka, jua lilikuwa limeinama. Nilipohamia ya nne akanishika mkono.

"Hiyo iache."

"Kizimba hakitanyanyuka."

"Tutakiinua upande. Kwani mguu mmoja hauwezi kupinda?"

Nikafikiria. Mguu ulikuwa wa chuma chembamba. Tukaingiza mtaimbo, tukasukuma, kizimba kikainuka pande tatu na kuegemea ule mguu wa nne, nao ukapinda pole pole bila kuvunjika. Tukakishikiza kwa gogo. Nililala chini yake kwa tumbo nikafungua pampu, nikatoa sili iliyochakaa, nikaweka mpya. Kabla ya giza injini iliwaka, mpira ukatikisika, na maji yakafika mwisho wa mstari wa ishirini. Gatwiri alikuwa amesimama kule kule mwisho, kwenye matope. Nilimsikia akipiga kelele lakini injini ilikuwa inanguruma, sikujua anasema nini.

Kesho yake shemeji zake wawili walikuja. Walitembea mstari kwa mstari, wakagusa udongo, wakanywa chai. Mkubwa wao akasema msimu ujao labda ajaribu na nyanya. Hakuna aliyetaja kukodisha.

Walipoondoka tulikishusha kizimba. Bolti bado zilikuwa na urefu wa kutosha. Nikarudisha nati tatu, nikazikaza. Kisha nikachukua patasi na nyundo, kwa maana wezi wapo bado.

"Ngoja," akasema Gatwiri. "Nifundishe."

Nikamwekea patasi mahali pake. Pigo la kwanza lilimteleza, likagonga simiti. La pili likashika. Akagonga tatu kwenye bolti ya kwanza, tatu kwenye ya pili, tatu kwenye ya tatu, na alama zake zilikuwa zimepinda upande, mbaya kuliko za Ireri pale pembeni, lakini zilikuwa za kina. Akajifuta jasho.

"Jaribu," akaniambia.

Nikashika spana kubwa, nikaongeza bomba, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea.